Nimelipia kuvuka bahari, lakini usiku mmoja umenifunga mdomo

Mheshimiwa mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 47, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiishi kusini mwa Uingereza pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu ni ufundi wa vifaa vya hospitali. Ninakagua pampu za dawa na mashine za kusaidia kupumua, ninazitilia saini, na kifaa ambacho sijakitilia saini hakimfikii mgonjwa. Naomba uikumbuke kazi hiyo unaposoma yanayofuata, kwa sababu ndiyo inayonisuta kila siku.

Kwa miaka minne nilidunduliza fedha ili nijiunge na mashindano ya mashua za matanga ya kuzunguka dunia, yale ambayo mabaharia wake si watu wa fani bali ni watu wa kawaida wanaojilipia wenyewe, wakafundishwa, kisha wakabeba zamu chini ya nahodha mwenye taaluma. Katika mashua yetu iliyokuwa na watu 20 alikuwemo daktari wa meno, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu na mama mmoja aliyestaafu kazi ya posta. Sitayataja mashindano wala mashua, kwa kuwa aliyekosa ni mimi. Sikuwa na uwezo wa kulipia mzunguko mzima, hivyo nilichukua vipande viwili: cha kwanza, cha kushuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Amerika ya Kusini, ambacho nimekwisha kukimaliza, na cha Pasifiki ya Kaskazini, kutoka China hadi pwani ya magharibi ya Marekani, ambacho kimebaki miezi mitano.

Ni lazima nikiri kwamba tangu siku za mafunzo nilijitapa. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi lililopakia nazi na boriti kati ya Pangani, Pemba na Mombasa, na nilipolisimulia hilo mezani wenzangu walishangilia, wakanipa jina la Nahodha Mdogo, nami nikalivaa kama kanzu ya Idi. Ukweli ni kwamba bahari niliyoijua mimi ilikuwa ya kuogelea Raskazone baada ya shule, na babu alifariki kabla sijajua kufunga fundo lolote.

Siku tatu za mwanzo sina haja ya kuzieleza kwa urefu. Nilitapika mpaka nikawa natoa nyongo, nikiamshwa kwa zamu zenye urefu wa saa nne nne usiku na saa sita sita mchana, na zamu ikiisha ninajitupa katika kitanda cha turubai ambacho mwenzangu wa zamu nyingine ametoka kukilalia sasa hivi na kuniachia joto na unyevu wake.

Lililonifanya nikuandikie lilitokea usiku wa nne, tukiwa nje ya rasi ya Finisterre, Hispania. Saa nane na nusu upepo ulipanda, mashua ikalala upande kiasi kwamba mtu aliyekuwa ndani alikanyaga ukuta zaidi kuliko sakafu, na nahodha akaamuru tanga la mbele lishushwe na kubadilishwa kwa dogo zaidi. Tulikwenda omo, yaani mbele ya mashua, watu watano. Utaratibu sote tulikuwa tunaujua: kila mtu huvaa jaketi okozi lenye kamba ya usalama, na mwisho wa kamba hiyo ipo kulabu, ambayo huipachika, kabla hajatoka penye usukani, kwenye mkanda bapa uliolazwa sitahani kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, ili akitambaa kulabu imfuate. Niliinama gizani, vidole vimesinyaa kwa maji, nikapapasa, nikapachika, nikasikia kile kimlio chake cha kujifunga, nikatambaa mbele.

Tulifanya kazi kwa dakika ishirini hivi. Mawimbi mawili yalitufunika, na la pili liliniinua magoti na kunisukuma upande wa demani, ule unaoinamia maji, hata nikadakwa na nguzo ya uzio wa mashua. Nilipotambaa kurudi na kuishika kulabu ili niifungue, mkono wangu ulikuta utepe wa nailoni, mmoja wa zile tepe tunazofungia tanga lililoshushwa, wenye urefu wa mkono wangu na usiofungwa popote. Kulabu ilikuwa imeushika barabara. Muda wote ule kilichokuwa kimenishikilia ni kitambaa kilichonifuata nyuma kama mkia.

Hakuna aliyeona. Niliuchomeka utepe mfukoni, nikapachika kulabu mahali pake, nikaketi. Hadi leo umo katika droo ya kabati langu, chini ya soksi.

Tangu usiku ule sikwenda tena omo gizani. Nilijitolea jikoni, nikabadilishana zamu, nikapiga pampu ya maji ya ngamani, chini kabisa ya mashua, nikaoka mikate minane kila siku ya zamu yangu ya upishi katika lile jiko linaloning'inia na kubembea, na kila ilipoitwa kazi ya mbele nilikuwa nimekwisha kushika kitu kingine. Mkuu wa zamu yangu alivumilia kwa wiki moja, kisha siku moja alisema mbele ya wote kwamba kuna watu wamelipa fedha nyingi ili waje kuosha sufuria. Walicheka. Tulipovuka ikweta hakuna aliyekuwa ananiita tena Nahodha Mdogo, wala hakuna aliyetangaza kwamba jina limefutwa. Siku ya kufika, nahodha alinikumbatia, akasifu mikate yangu, na kusema tutaonana Pasifiki.

Sasa mke wangu anasema fedha imekwisha kulipwa na woga utaisha nikipanda mashuani. Mama, ambaye yuko Tanga, ananisomea dua na kuwaambia majirani kwamba damu ya babu imerudi baharini. Rafiki yangu wa msikitini anasema mwanzo wa jambo lenyewe ulikuwa wazimu, kwani watu wa kwetu hupanda vyombo ili walipwe, hawalipi ili wapande. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua habari ya utepe.

Maswali yangu ni haya. Je, nijitoe katika kipande cha Pasifiki, ingawa nikifanya hivyo sehemu kubwa ya fedha yangu haitarudi? Na je, ninalazimika kumweleza mtu yeyote habari ya usiku ule, ikiwa hakuna aliyeumia na hakuna atakayefaidika kwa kuijua?

Wako,
Mjukuu wa Nahodha, Hampshire


Marahaba, mdogo wangu.

Nitajibu maswali yako yote mawili, lakini nitaanza na la pili, ambalo umeliweka mwisho kana kwamba ni la nyongeza. Kwa hesabu yako mwenyewe, kipande cha Pasifiki kimebaki miezi mitano na mashindano bado yanaendelea. Maana yake ni kwamba mashua ile haikufungwa gatini ikikungoja. Inasafiri, na watu wengine ishirini wanapachika kulabu zao gizani kwenye sitaha ile ile yenye tepe zile zile. Unasema hakuna atakayefaidika kwa kujua. Atakayefaidika ni yule atakayeinama na kupapasa usiku wa leo.

Ulinitaka niikumbuke kazi yako, na nimeikumbuka. Siku pampu ya dawa inapokubali kuunganishwa na mpira usio wake, nina hakika huandiki kwamba muuguzi ni mzembe ukafunga jalada. Unauliza kwa nini mipira miwili inafanana. Basi jiulize hivyo hivyo hapa. Je, tepe za kufungia tanga zilikuwa na upana na rangi sawa na ule mkanda wa sitaha? Kwa nini utepe usio na kazi ulikuwa umelala mahali pale hasa ambapo kila mtu hupachika kulabu kabla ya kwenda mbele? Je, mwenzako wa karibu alipaswa kuikagua kulabu yako nawe ukague yake, au kila mtu alijitegemea? Kulabu haikukosea, ilishika ulichoipa, na ikatoa mlio ule ule ambao ingeutoa kama ingeshika mkanda. Huenda dawa ya jambo hili ni kununua tepe za rangi nyingine, gharama ndogo kuliko kiatu kimoja cha baharini, lakini hakuna atakayezinunua kama wewe unaendelea kuufunika ushahidi kwa soksi.

Kwa hiyo mwandikie nahodha wiki hii. Usianze kwa kuomba radhi wala usisimulie maisha yako. Mwambie kwamba usiku wa tarehe fulani, nje ya Finisterre, katika kubadilisha tanga la mbele, ulipachika kulabu kwenye utepe uliokuwa sitahani ukidhani ni mkanda, kwamba hukuivuta ili kuhakikisha, kwamba uligundua uliporudi baada ya dakika ishirini, na kwamba hukusema. Mpelekee na picha ya utepe ukiwa kando ya rula. Nahodha anayeijua kazi yake atakushukuru kwanza na kukukaripia baadaye, na ukaripiaji huo utakuwa wa haki.

Kwa faida ya wasomaji wasioyajua mashindano ya aina hii, yaliyo mashuhuri zaidi ni yale ya Clipper, yaliyoanza mwaka 1996 kwa fikra ya Sir Robin Knox-Johnston, yule Mwingereza aliyetia nanga Falmouth mwezi Aprili 1969, baada ya siku 312 baharini, akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kusimama popote. Mashua yake ya futi 32 aliijenga Bombay na kuiita Suhaili, jina ambalo sikio la mtu wa pwani halihitaji kutafsiriwa, kwani wazee wetu waliiita kusini, pamoja na nyota yake, suheli. Mashua za Clipper za leo zina urefu wa futi 70, njia yake inafikia kama maili 40,000 za baharini kwa miezi kumi na moja hivi, na kila anayejiunga hupitishwa mafunzo ya ngazi nne, hata kama maishani mwake hajawahi kupanda mtumbwi.

Ninayataja hayo kwa sababu historia yake inakuhusu. Mwezi Machi 2014, katika Pasifiki hiyo hiyo ya Kaskazini, baharia mmoja alianguka majini akakaa humo kwa saa moja na dakika 40, na akapatikana akiwa hai kwa msaada wa vazi lisilopitisha maji na kifaa kidogo alichokivaa kinachotangaza mahali alipo kwa redio. Aprili 2016, katika bahari hiyo, mwanamke mmoja alisombwa na wimbi wakati kulabu yake haikuwa imepachikwa popote, na wenzake walipompata alikuwa amekwisha kufa. Novemba 2017, katika Bahari ya Kusini, mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye kazi ya tanga la mbele alikuwa amejipachika kama inavyotakiwa, lakini kulabu yake ilinasa chini ya chuma cha kufungia kamba, ikavutwa kwa ubavu badala ya kuvutwa kwa urefu, ikapinda na kumwachia. Idara ya serikali ya Uingereza inayochunguza ajali za vyombo vya majini haikungoja ripoti kamili. Januari 2018 ilitoa tahadhari kwa mabaharia wote kuhusu namna kulabu za aina ile zinavyoweza kushindwa, na tangu hapo watu wengi hutazama mahali kulabu inapolala, si kama imepachikwa tu.

Lako linaangukia kati ya hayo mawili ya mwisho: ulijipachika, lakini si mahali pake. Tofauti ni kwamba lako linaweza kuchunguzwa bila mtu kuzikwa baharini, na fursa ya namna hiyo haipatikani mara nyingi.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, ambalo ni gumu zaidi, na ambalo hapo ulipo hakuna anayeweza kukujibu sawasawa. Mkeo, mama na rafiki yako wa msikitini wote wanatoa ushauri mwema, lakini wanamshauri mtu mwingine. Mkeo anamshauri mume aliyeingiwa na wasiwasi wa kawaida wa safari, mama anamwombea mjukuu wa nahodha, na rafiki yako anabishana na Mswahili aliyetupa fedha zake baharini. Hakuna anayezungumza na mtu aliyekaa dakika ishirini omo akiwa amefungwa kwenye kitambaa. Hata nahodha, alipokukumbatia na kukualika Pasifiki, alimwalika mtu asiyemjua.

Woga wako usiuite ugonjwa. Una sababu, na sababu yenyewe unaweza kuishika mkononi. Kilichoharibika ni kwamba umeuelekeza mahali pasipo pake: unaiogopa omo, wakati kilichotaka kukuua ni mkono ambao haukuvuta kamba baada ya kupachika. Omo huwezi kuibadilisha, lakini mazoea ya mkono yanabadilika kwa siku chache.

Kuhusu jikoni, nina neno la kulitetea. Mimi nilikuwa ofisa katika meli za mizigo kwa miaka kumi na minane, na mara moja, kwa tamaa ile ile iliyokushika wewe, nikavuka Atlantiki katika mashua ya matanga kama baharia wa kujilipia. Vyeti vyangu vyote havikunisaidia kitu. Siku ya pili nilikuwa nimekumbatia ndoo kama mtoto anavyomkumbatia mama yake, na msichana aliyekuwa karani wa benki ndiye aliyenishikia kichwa. (Wewe utakayesafiri tena, jaribu dawa ya kichefuchefu ukiwa nchi kavu, uone kama inakulaza usingizi, na uianze kabla ya kamba za gatini kufunguliwa, kwa maana ukishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni.) Katika safari ile nilijifunza kwamba mpishi ndiye anayeamua kama zamu ya saa nane usiku itapanda sitahani ikiwa na hasira au ikiwa na subira. Nilipika wali kwa maji ambayo robo yake niliyateka baharini ili kuokoa ya kunywa na chumvi kwa pamoja, sufuria imefungwa kamba, mgongo wangu umeshikiliwa na mkanda nisirushwe juu ya moto, na watu waliula kana kwamba ni biriani ya harusi. Kuoka mikate minane huku sakafu imesimama kama paa la nyumba ni kazi ya baharia, na asiyejua hilo hajawahi kujaribu.

Lakini mpishi na mtu aliyejificha jikoni ni watu wawili, ingawa wote wana unga mikononi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wewe umekwenda ngamani moja kwa moja na kukaa huko, na kila ulipokwepa omo, mwingine alikwenda mara mbili, pengine yule mama wa posta. Hapo ndipo ninapomwelewa mkuu wa zamu yako bila kumsamehe. Kumdhihaki mtu mbele ya watu waliobanana katika chumba kimoja kwa mwezi mzima ni kosa kubwa la uongozi, kwa sababu baharini aliyedhalilishwa hana mahali pa kwenda kutuliza moyo, hata kitanda chake si chake. Alipaswa kukuita pembeni na kukuuliza. Hata hivyo alikuwa anaona nusu ya kisa, na nusu aliyoikosa ilikuwa mfukoni mwako. Ukishamwandikia nahodha, mwandikie na yeye. Kama ni mtu, ataona aibu. Kama si mtu, utakuwa umejua jambo la maana kuhusu nani wa kusafiri naye Pasifiki, na unaweza kumwomba nahodha akupange katika zamu nyingine.

Baada ya barua hizo mbili, waombe waendeshaji wa mashindano wakupatie siku za kurudia mafunzo, au ujilipie mwishoni mwa juma katika chuo chochote cha mashua za matanga kilicho karibu nawe. Hampshire vimejaa tele. Mweleze mwalimu kilichotokea kabla hamjatoka. Anza gatini, mashua imefungwa, taa zimezimwa: pachika, vuta kwa nguvu za mwili mzima, kisha pitisha vidole kwenye mkanda mpaka uhakikishe kwamba unaendelea mbele na nyuma ya kulabu, na ndipo utambae. Fanya hivyo mara hamsini, ujione mjinga. Kisha fanya katika maji ya Solent, ule mlangobahari ulio karibu nawe, mchana, kisha usiku, kisha usiku wenye upepo. Usijipime kwa kutoogopa, kwa maana unaweza kuogopa kila mara na bado ukawa baharia mzuri. Jipime kwa hili: je, jina lako likiitwa unakwenda, na ukiwa omo mikono yako inafanya inachoambiwa, au unaganda ukawa mzigo ambao wengine wanne wanapaswa kuulinda?

Kama mikono inatii, nenda, na usihesabu tena fedha. Kama haitii, mwambie nahodha hivyo hivyo, ukiacha mlango mmoja wazi: mashua ina kazi nyingi zisizofanyika omo, ikiwemo kushika usukani, kuzungusha winchi, kupanga kamba zinazoshuka mlingotini na kutunza injini na mtambo wa kusafisha maji ya kunywa, ambao fundi wa vifaa vya hospitali angeuelewa kuliko sote. Nahodha anaweza kusema kwamba anamhitaji mtu huyo na atapanga zamu kwa kujua hilo. Anaweza pia kusema hapana, kwa sababu kipande kile huchukua karibu mwezi mzima kwenye maji baridi, na katikati yake hakuna helikopta ya pwani yoyote inayoweza kufika, kwa hiyo idadi ya watu wanaoweza kwenda mbele usiku si jambo la heshima bali ni hesabu. Akisema hapana, kubali. Soma mkataba wako leo, uone tarehe za kujitoa na kinachorudishwa katika kila moja, pamoja na masharti ya bima, ili uamuzi usifanywe na kalenda badala yako.

Ama rafiki yako wa msikitini, ana hoja kuliko anavyojua. Watu wa kwetu waliopanda vyombo ili walipwe walikuwa na desturi moja ambayo wanaolipa ili wapande huisahau kwa urahisi: kusi ilipochacha, bahari ilifungwa. Majahazi yalipandishwa pwani, yakapakwa shahamu na kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, na nahodha aliyekaa barazani miezi hiyo akinywa kahawa hakuitwa mwoga na mtu yeyote, wala hakujihisi hivyo. Babu yako, kama aliipeleka nazi Pemba na kurudi mzima mpaka uzee, basi alizikataa safari nyingi ambazo hakuna aliyezisimulia mezani. Unapolitumia jina lake, litumie na kwa siku hizo.

Mama usimweleze kwa simu. Ngoja uende Tanga, na umweleze ukiwa umekaa mbele yake.

Mkeo ndiye wa kwanza, hata kabla ya nahodha. Ngoja jioni moja watoto wakishalala, na usianze na Pasifiki wala na fedha, kwa sababu mkianza huko mtabishana kuhusu fedha mpaka usiku wa manane. Utoe utepe kwenye droo, uweke mezani, na umwache aulize ni kitu gani.